Wati za Kwenye Boksi Hazisikiki Sebuleni

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya Kahama, Katoro na Geita mjini, sabufa huuzwa kwa namba. Maboksi hupangwa mlangoni yakiwa yameandikwa wati 5,000, wati 8,000, hata wati 10,000, na namba hiyo ndiyo inayoamua bei, inayoamua heshima ya sebule, na inayomaliza mabishano kabla hayajaanza. Maoni yaliyotawala ni mepesi kuyaeleza: mwenye wati nyingi ana sauti nzuri, mwenye spika tano anamzidi mwenye spika mbili, na anayetaka kuyahoji hayo aambiwe kwamba kila mtu ana masikio yake na pesa zake. Yako maoni mengine yanayokwenda sambamba na hayo: kwamba vijana wanaokaa kijiweni wakibishania mafumbo ya akili, chui na mbuzi wavushweje mto, kati ya milango mitatu uchaguliwe upi, ni watu wasio na kazi. Nayapinga maoni yote mawili kwa hoja moja. Kuchagua vifaa vya sauti vya nyumbani ni fumbo lenye masharti, wala si shindano la nguvu. Na watu wanaodharau ubishi wa mafumbo ndio wanaolipia namba ambayo haipo.

Kwanza tuwatendee haki wenye maoni hayo, maana hayakuzuka hewani. Usukumani, kabla waya wa umeme haujafika, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yalishindana uwanjani, na ushindi ulikwenda kwa kundi lililovuta watu wengi zaidi upande wake. Sauti iliyofika mbali ilikuwa sehemu ya ushindi. Mtu aliyekulia katika utamaduni huo, akapata fedha za pamba, za mpunga au za duara la dhahabu, hashangazi anapotaka mziki mnene. Tena mnunuzi hana taarifa nyingine mkononi. Boksi halimwambii spika ina wepesi gani wa kupokea nguvu, halimwambii sauti inaanza kukwaruza ikifikia wapi, halimwambii chumba chake kitaifanyia nini sauti hiyo. Linampa namba moja tu, kubwa, yenye rangi. Anayehukumu kwa namba pekee aliyopewa si mjinga. Lakini namba yenyewe ni ya uongo, na kuujua uongo wake hakuhitaji shahada ya uhandisi. Kunahitaji kuligeuza boksi kuwa fumbo na kulifumbua kwa hesabu ya kuzidisha.

Fumbo ni hili. Plagi ya pini tatu tunayoitumia Tanzania ina fyuzi isiyozidi ampea 13. Umeme wa nyumbani ni volti 230. Ukizidisha, nguvu kubwa kabisa inayoweza kupita katika plagi hiyo kwa muda wote ni wati 2,990. Sasa, sabufa iliyochomekwa kwenye plagi hiyo inatoaje wati 10,000? Wati 10,000 kwa volti 230 zinadai zaidi ya ampea 43. Fyuzi ingekatika mara moja. Wala hakuna mashine duniani inayotoa kwa muda mrefu nguvu nyingi kuliko ile inayoingiziwa. Geuza redio uisome kwa nyuma, pale penye maandishi madogo yanayotaja matumizi ya umeme, na mara nyingi utakuta makumi ya wati, labda mia moja na kitu. Mashine moja ina namba mbili: ya mbele imewekwa kwa ajili ya macho, ya nyuma kwa ajili ya mafundi. Na mita ya LUKU ni shahidi asiyehongeka. Mashine inayokula wati 10,000 kwa saa moja ingemaliza yuniti 10 za umeme. Kwa jioni moja ya saa tano ingemaliza yuniti 50. Hakuna familia inayoona yuniti zikiyeyuka hivyo kwa sababu ya sabufa, kwa kuwa wati hizo hazijawahi kuwepo.

Muuzaji aliyezoea biashara atajibu kwamba namba ya kwenye boksi ni ya PMPO, yaani kilele cha muda mfupi, si nguvu ya kudumu, na kwamba kapasita zilizomo ndani huhifadhi nguvu ya kutoa kishindo kwa ghafla. Jibu hilo lina chembe ya kweli, kwa hiyo tulipime. Kapasita ya maikrofaradi 4,700 iliyojazwa kwa volti 25 hubeba nishati ya jouli moja na nusu hivi. Kuitoa nishati hiyo kwa kasi ya wati 10,000 kunachukua takriban sehemu moja na nusu ya elfu kumi ya sekunde, kisha kapasita ni tupu. Noti ya besi ya mitetemo 50 kwa sekunde inahitaji sehemu ishirini za elfu za sekunde ili ikamilishe mtetemo mmoja tu. Kilele hicho kinachouzwa dukani kimekwisha kabla besi haijamaliza hata asilimia moja ya mtetemo wake wa kwanza. Hata ukiweka kapasita kumi, hujaufikia mtetemo mmoja kamili. Ndiyo maana PMPO haina kipimo chochote kinachotambulika: kila kiwanda hujiandikia kinachokipendeza. Nchini Marekani hila ya namna hii ilidhibitiwa mapema. Mwaka 1974 tume yao ya biashara, FTC, iliweka kanuni ya kuwalazimisha watengenezaji wa amplifaya za nyumbani kutaja nguvu inayoendelea kutolewa, pamoja na masharti ya upimaji wake. Yaani hata wao walidanganywa kwa namba kubwa, wakabishana, wakafika mahali wakasema yatosha.

Tuseme sasa kwamba wati ni za kweli, zile zinazoitwa RMS. Bado maoni yaliyotawala yanaanguka, kwa sababu ya fumbo la pili, ambalo huwashinda wengi wanaolisikia kwa mara ya kwanza. Spika moja inatoa sauti ya desibeli 80. Ukiweka pembeni yake nyingine iliyo sawa nayo, inayopewa nguvu ileile, jumla ni desibeli ngapi? Anayejibu 160 amekosea. Jibu ni 83 hivi. Desibeli hazijumlishwi kama magunia ya mpunga. Kila unapoongeza nguvu maradufu, unapata nyongeza ya desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa wastani. Ili sikio liseme kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika desibeli 10 hivi, na desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Maana yake ni kwamba anayeacha mashine ya wati 50 za kweli akanunua ya wati 100 kwa bei kubwa zaidi amenunua tofauti ndogo, na anayetaka sauti maradufu ya ile ya wati 50 anahitaji wati 500. Asiyelijua fumbo hili atatoa fedha akidhani kila shilingi inaongeza sauti kwa kiwango kilekile. Anayelijua ataacha kufukuza wati, atafute mahali ambapo shilingi yake ina kazi.

Mahali pa kwanza ni kwenye spika yenyewe. Spika hazigeuzi umeme kuwa sauti kwa ufanisi unaolingana. Iko inayopewa wati moja ikatoa desibeli 90 kwa umbali wa mita moja, na iko inayopewa wati hiyohiyo ikatoa desibeli 84. Tofauti hiyo ya desibeli 6 ni sawa na nguvu mara nne: spika nyepesi inayopewa wati 25 inalingana na spika nzito inayopewa wati 100. Kwa hiyo mashine ya wati chache yenye spika nzuri inaweza kuipita mashine ya wati nyingi yenye spika mbovu, na boksi halitakwambia. Halafu kuna umeme wenyewe. Katika mitaa ambako makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu na mashine za kuchomelea hutegemea laini moja na nyumba za watu, volti hushuka. Amplifaya ya transfoma ya kawaida hufuata mraba wa volti: umeme ukishuka kutoka 230 hadi 180, uwezo wake hubaki asilimia 61 tu. Mwenye nyumba, akisikia sauti imelegea, hufungua volyumu mpaka mwisho; mawimbi hukatwa vichwa, sauti hukwaruza, na tweta huungua kabla ya spika kubwa. Mafundi redio wanaijua hadithi hiyo kwa moyo. Wati zaidi hazikuwa dawa. Pengine stebilaiza ya bei ya kawaida ndiyo ingekuwa dawa.

Mahali pa pili, ambapo ndipo palipojaa utajiri wa jambo hili, ni chumba. Mwaka 1895 mwanafizikia kijana wa Chuo Kikuu cha Harvard, Wallace Clement Sabine, alipewa kazi ya kuponya ukumbi wa mihadhara ambao maneno ya mzungumzaji yalikuwa hayaeleweki. Hakuongeza ukali wa sauti. Alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine usiku, akapima kwa saa muda ambao sauti inachukua kufa, akagundua kwamba unategemea ukubwa wa chumba ukigawanywa kwa uwezo wa vilivyomo kufyonza sauti. Tuitumie kanuni yake katika sebule ya mita 4 kwa 4 yenye kimo cha mita 3, kuta za plasta, sakafu ya saruji, dari ngumu. Ujazo ni mita 48 za ujazo, na eneo la nyuso zote ni mita 80 za mraba. Tukichukua kwamba nyuso hizo hufyonza asilimia 3 tu ya sauti inayozigonga, sauti itazunguka kwa zaidi ya sekunde 3 kabla ya kufa. Kila silabi ya mtangazaji wa mpira inazikwa na silabi zilizotangulia. Sasa ingiza makochi, kapeti na mapazia mazito yenye uwezo wa kufyonza unaolingana na mita 10 za mraba za dirisha lililo wazi. Muda unashuka hadi sekunde 0.6 hivi, na maneno yanasikika yote. Hakuna wati hata moja iliyoongezwa. Ukiongeza wati katika chumba kitupu, unaongeza sauti na mwangwi wake kwa pamoja, na uwiano wa hivyo viwili haubadiliki hata kidogo. Hapo ndipo penye kiini cha ubishi wangu: nguvu haiwezi kutatua tatizo lisilotokana na upungufu wa nguvu.

Besi ina fumbo lake. Sauti husafiri kwa takriban mita 343 kwa sekunde, na kati ya kuta mbili zilizoachana kwa mita 4 huzaliwa wimbi linalojirudia lenyewe kwenye mitetemo 43 kwa sekunde. Chumba kikiwa na pande sawa, urefu na upana vyote vinalichochea wimbi hilohilo, na noti hiyo moja inavimba huku nyingine zikimezwa. Ndiyo ile besi ya kuvuma isiyoonyesha gitaa limepiga nini, inayotikisa vyombo kabatini. Sabufa ikisukumwa kwenye kona, kama inavyosukumwa katika nyumba nyingi ili isizuie njia, wimbi hilo huchochewa kwa nguvu zaidi. Na anayekaa katikati kabisa ya chumba anaweza kukosa besi ileile inayomtesa aliyeegemea ukuta. Dawa haiuzwi. Weka sabufa kwa muda pale unapokaa wewe, piga wimbo wenye besi inayotembea, zunguka ukiwa umeinama kandokando ya kuta, na pale besi inaposikika safi, noti kwa noti, ndipo sabufa ihamie. Kwa kuwa sikio ni dhaifu kutambua mwelekeo wa mitetemo ya chini sana, mziki hautaonekana kutoka pembeni.

Hapa ndipo lile fumbo la chui na mbuzi linapotoka kijiweni na kuingia sebuleni. Fumbo hilo ni la kale na limeenea. Huko Ulaya limo katika mkusanyiko wa mafumbo unaohusishwa na Alcuin wa York, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, likiwa na mbwamwitu, mbuzi na kabeji. Mwanahisabati Marcia Ascher, aliyelifuatilia katika tamaduni mbalimbali na kuandika juu yake mwaka 1990, alionyesha kwamba Afrika ina matoleo yake yenye mantiki tofauti. La Zanzibar lina chui, mbuzi na majani, na chombo kinachombeba mtu pamoja na vitu viwili. Chui akiachwa na mbuzi atamla. Mbuzi akiachwa na majani atayala. Mtu huvusha chui na majani kwanza, kwa kuwa hao wawili hawadhuriani, kisha anamrudia mbuzi. Jibu halikutafutwa katika ukubwa wa mashua. Lilitafutwa katika kuuliza: vitu gani haviwezi kuachwa pamoja? Swali hilohilo ndilo mnunuzi wa sabufa anayepaswa kuingia nalo dukani. Besi kubwa na chumba kitupu chenye pande sawa haviachwi pamoja. Spika nzito na umeme unaoshuka haviachwi pamoja. Amplifaya dhaifu na volyumu ya mwisho haviachwi pamoja. Aliyezoea kuumiza kichwa kwa mafumbo ya namna hii huyaona masharti kabla ya kuiona bei. Asiyezoea huuliza mashua kubwa kuliko zote ni shilingi ngapi.

Watasema: basi tukubaliane kuhusu wati, lakini spika tano au saba lazima ziwe bora kuliko mbili, ndiyo maana sinema zinazitumia. Ni kweli kwa kitu kilichorekodiwa kwa njia nyingi na kupigwa na mashine inayozisoma njia hizo. Lakini tuangalie kinachochezwa katika sebule za Shinyanga na Geita. Nyimbo za Bongo Fleva, za dansi na za kwaya kwa kawaida hutolewa kwa njia mbili, kushoto na kulia. Filamu zilizotafsiriwa, zile ambazo msimulizi Lufufu alizipatia umaarufu nchini, huwekewa sauti ya msimulizi juu ya sauti ya filamu, na anayezitazama anataka kabla ya yote amsikie msimulizi neno kwa neno. Mashine ya bei nafuu ikipewa njia mbili huzigawa tu kwenye spika zake tano, kila moja ndogo na dhaifu, na zile za nyuma zinarudia tu kilichosemwa mbele. Fedha iliyogawanywa kwa spika tano inanunua spika tano mbaya. Fedha hiyohiyo ikiwekwa kwenye spika mbili inanunua mbili zinazostahili kusikilizwa, zikae usawa wa masikio, zitengane kadiri ya umbali wa msikilizaji. Mwenye uwezo wa kununua tano nzuri na chanzo cha kuzilisha na anunue, maana hoja yangu haina ugomvi na spika tano. Ugomvi wake ni na kuhesabu.

Ngome ya mwisho ya maoni yaliyotawala ni ile ya masikio: nimeisikiliza mwenyewe dukani, nimeipenda, nani atanibishia? Nani atakubishia unapendelea wimbo gani? Hakuna. Lakini ipi kati ya mashine mbili inatoa sauti safi zaidi ni swali la kupimwa, na sikio peke yake, likiwa na macho pembeni, ni hakimu anayehongwa kwa urahisi. Floyd Toole na Sean Olive walionyesha katika utafiti wao wa mwaka 1994 kwamba wasikilizaji walewale, kwa spika zilezile, walizipa alama tofauti walipoziona na walipofichiwa zisionekane. Umbo na jina viliingia masikioni kupitia machoni. Na mtu akilinganisha mashine mbili bila kusawazisha ukali wake, ile iliyo juu kidogo tu huonekana bora, hata kama ni mbovu. Duka lenye kelele za barabarani ndilo mahali pabaya kuliko pote pa kuhukumia. Kujiamini si ushahidi. Kumbuka fumbo la milango mitatu, gari nyuma ya mmoja na mbuzi nyuma ya miwili, ambapo mwendeshaji anayejua gari lilipo hukufungulia mlango wa mbuzi na kukuuliza kama utabadilisha chaguo lako. Mwaka 1990 Marilyn vos Savant aliandika katika jarida la Parade kwamba kubadilisha ni bora, nafasi mbili kwa tatu. Alipokea barua zipatazo 10,000, nyingi za kumpinga, karibu 1,000 zikiwa na sahihi za watu wenye shahada za uzamivu. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi: chaguo la kwanza hupata gari mara moja kati ya tatu, kwa hiyo anayebadilisha hulipata mara mbili. Hata Paul Erdős, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20, hakuridhika mpaka alipoonyeshwa jaribio la kompyuta. Kama hisia ziliwadanganya hao, zitaachaje kumdanganya mnunuzi anayesikiliza besi kwa dakika mbili mlangoni?

Na hapo thamani ya kijiwe inaonekana. Wanaosema ubishi wa mafumbo haujengi hawajautazama unavyofanya kazi. Msukuma akisema "Kalagu!" na hadhira ikaitikia "Kize!", kuna mkataba umefungwa: mwenye fumbo lazima awe na jibu linalosimama, na anayejibu lazima akubali akishindwa. Kwa Kiswahili aliyeshindwa hutoa mji, fumbo likafumbuliwa, mchezo ukaendelea. Hiyo ni taasisi ya kukosea bila fedheha, na hakuna kitu kinachohitajika zaidi katika biashara ambamo mtu aliyetoa laki kadhaa hawezi kukiri kwamba alipunjwa. Watu wataniambia kwamba ubishi wa siku hizi huishia kwenye matusi. Mara nyingine ndivyo ulivyo, na ni pale unapokosa mkataba huo: pale ambapo hakuna kipimo kilichokubaliwa, na mshindi ni mwenye sauti ya juu. Kosa hilo ni lilelile la boksi, kuhukumu kwa ukali wa kelele. Dawa yake ni kubishana vizuri zaidi: kila dai lije na hesabu, na kila hesabu iruhusiwe kukaguliwa.

Ajabu ni kwamba ukanda huu unalijua somo hili kuliko sehemu nyingi za nchi. Hakuna mnunuzi wa dhahabu, kuanzia Nyarugusu hadi Geita mjini, anayenunua kwa mng'ao. Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, muuzaji na mnunuzi hukutana mbele ya mzani na kipimo cha usafi. Na njia ya kupima kwa maji ni lile fumbo la Archimedes na taji la mfalme Hiero wa Sirakuza: kilo moja ya dhahabu tupu husogeza maji ya sentimita za ujazo 52 hivi, kilo ya fedha husogeza 95, na aliyechanganya hujulikana bila taji kuvunjwa. Fumbo la akili likawa chombo cha soko. Lakini wazoefu hawaridhiki hata na hilo, kwa kuwa madini ya tangsteni yana uzito unaokaribiana mno na wa dhahabu na yanaweza kuupita mtihani wa maji. Kwa hiyo hukata, husugua, hupima kwa mashine. Kwao namba moja haitoshi kamwe. Iweje basi mtu aliyekataa kuuza gramu zake kwa neno la mnunuzi achukue fedha hizohizo akanunue sabufa kwa neno la boksi?

Zipo pingamizi mbili zinazostahili jibu la heshima. Ya kwanza ni ya wenye kipato kidogo: hizo za bei nafuu ndizo zilizopo, hayo ya Harvard yatatusaidia nini? Yatawasaidia wao kuliko matajiri. Kuhamisha sabufa kutoka konani ni bure. Kutandika kapeti na kutundika mapazia mazito ni sehemu ndogo ya bei ya mashine mpya, navyo vina kazi nyingine nyumbani. Kununua wati 40 za kweli badala ya 8,000 za maandishi kunaokoa fedha. Tajiri anaweza kulipia kosa lake mara mbili, maskini hawezi. Ya pili ni ya wapenda disko vumbi, harusi na mikutano ya hadhara, ambako nguvu inahitajika kweli. Nakubali bila kusitasita. Uwanjani, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6, na wati za kweli kwa mamia ni za lazima. Lakini sebule si uwanja, na watu wanaokaa humo wana masikio ya kulindwa. Kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama wa wafanyakazi, ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu: saa moja kwa desibeli 94, robo saa kwa desibeli 100. Mchimbaji aliyeshinda kwenye dirili, au mama aliyeshinda mwaloni jirani na karasha, amekwisha kuitumia posho yake ya siku kabla hajafika nyumbani. Kumwongezea mziki mnene usiku ni kumchukulia usikivu ambao haurudi, na watoto waliolala chumba cha pili hawakuulizwa.

Yanayofuata yanajulikana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Shirika la Viwango Tanzania lipo. Namba ya PMPO iondolewe kwenye boksi, na mahali pake pawekwe wati za RMS, ukinzani wa spika zilipopimwa, kiwango cha mkwaruzo, na wepesi wa spika kwa wati moja katika mita moja. Wauzaji wa Kahama na Geita wanaojali jina lao hawana haja ya kuisubiri serikali: wabandike bei pembeni ya namba iliyoandikwa nyuma ya mashine. Walimu wa fizikia wa sekondari wana mtihani mzuri uliosimama katika kila mlango wa duka. Wawape wanafunzi boksi na plagi, wawaulize vinapatanaje. Na wanaobishania mafumbo kijiweni waendelee, waongeze mafumbo ya desibeli na ya vyumba, wasiombe radhi kwa mtu. Mnunuzi aliyezoea kuulizwa "kwa nini?" na wenzake atamuuliza muuzaji swali hilohilo, na siku wanunuzi wa kutosha watakapouliza, namba ya uongo haitakuwa na soko.